Mbwa Aliyepikiwa Pilipili

Jirani yangu wa hapa ninapoishi sasa hukaanga pilipili kila Jumamosi, na kila Jumamosi mimi hufunga dirisha. Aliwahi kuniuliza kama moshi unanisumbua kifua. Nikamjibu ndiyo, kifua. Ukweli ni kwamba moshi ule ukinifikia puani, mikono yangu hurudi kwenye kinu. Nakuwa na miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya jiko letu kule Rukoki, natwanga zile pilipili ndogo kali tunazoziita kamulali. Macho yanatiririka, kamasi zinatoka, na ninajivunia kazi niliyopewa. Natwanga kitoweo cha mbwa.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, kwa sababu wazee wetu nilishawaambia wakacheka. Na tafadhali msinijibu kwamba hayo ni mambo ya kale. Baba alikuwa na simu mfukoni. Redioni walizungumza kila siku kuhusu haki za huyu na za yule. Tulikuwa watu wa juzi tu, na baadhi yenu, nawajua, mnaandaa sufuria hiyohiyo leo, mkishamaliza kumpiga picha mtoto wa mbwa akiwa bado mzuri.

Wakati huo vanila ilikuwa imepanda bei, na kila mtu mwenye mashamba kwenye ile miteremko alikuwa analala na sikio moja wazi. Wezi walivuna maganda mabichi, wakang'oa na mashina. Baba alikuwa na mistari yake michache juu ya nyumba, na aliipenda kuliko anavyoweza kukiri. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na kabla jua halijakaza ni lazima mtu aliozeshe kwa mkono, tunavyosema, kama harusi. Unachukua mwiba mwembamba, unafunua utando ulio katikati ya ua kama unavyofunua kanga usoni mwa mtoto mchanga, unabonyeza ule unga kwa kidole gumba. Ukitumia nguvu, umelipoteza. Baba alinifundisha kwa kunishika mkono. Niliporarua ua la kwanza alisema pole pole mwanangu, yako mengine. Niliporarua la pili alicheka. La nne nilipatia, akanisifu palepale, kabla sijateremsha mkono.

Hakunipiga. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Mtu huyo alijua jinsi ya kufundisha.

Mbwa huyo, Sombe, tulimtoa Bwera mpakani, kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, akafiwa na mume, akarudi upande huu na kufungua meza ya samaki wakavu sokoni. Nyumba yake ilinuka samaki tangu mlangoni hadi ndani ya mito ya kulalia. Na katika nyumba hiyo, nawaapia, waliishi paka watatu ambao hawakugusa hata mkia wa samaki. Nilipokwenda likizo nilidhani amewaroga. Walikaa juu ya gunia lao karibu na mlango, wakitazama vikapu kama waumini wanavyotazama madhabahu, na hawakusogea mpaka shangazi agonge kifuniko cha sufuria kwa kijiko, mara mbili. Hapo walikuja, kila mmoja kwenye kisahani chake, wakala, wakarudi kwenye gunia.

Nilimuuliza aliwapiga mara ngapi hadi wakajua. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Paka haiibi, mutoto," akasema. "Ni mutu iliacha samaki wazi."

Kisha akanieleza, akiendelea kupanga samaki wake. Vikapu vyake alivifunika siku zote. Aliwalisha saa zilezile, mahali palepale, na wakati wale paka walipokuwa wadogo alikuwa akigonga kifuniko na papo hapo kuwapa, siku baada ya siku, hadi mlio na chakula vikawa kitu kimoja vichwani mwao. Aliyepanda mezani alimbeba tu akamrudisha kwenye gunia, na akikaa hapo alipata kipande. Akishuka hakupata kitu. Hakuna kelele wala fimbo. Nilisikiliza, lakini sikumwamini. Shuleni kwetu mwalimu aliingia darasani na fimbo kabla ya chaki, na sisi tulijua kusoma, kwa hiyo fimbo ilifanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Lazima niwaambie pia jambo jingine, hasa ninyi mnaoshangaa kwa nini naandika kwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Lhukonzo. Kiswahili tulikijua kama lugha ya askari, lugha ya simama, lala chini, toka hapa. Mbwa wote wa kwetu walisemeshwa Kiswahili, hata na bibi vizee wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Kwa shangazi ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza Kiswahili kikimbembeleza kiumbe. Alikuwa na kijibwa cheusi alichokikuta kimelala ndani ya kapu la sombe, yale majani ya muhogo, akakipa jina hilohilo. "Sombe, kuya hapa mama," alikiita, ingawa kilikuwa dume, na kile kijibwa kilikuja mbio hadi miguu ya nyuma ikapita ya mbele.

Baba alipokuja kunichukua akakiona, akakiomba. Shangazi alimpa kwa sharti moja, kwamba asifungiwe. Baba akasema sawa, dada yangu. Njia nzima ya kurudi Sombe alilala mapajani mwangu.

Sharti hilo lilidumu siku mbili. Siku ya tatu alikuja jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye kijiji kizima kilimwita Afande. Ndiye aliyejulikana kwa kutengeneza mbwa wakali. Alimkuta Sombe ameketi mbele yangu akingoja kipande cha kiazi, kama shangazi alivyokuwa amemzoeza, na akacheka mpaka akakohoa.

"Sombe? Hii ni mbwa ama mboga?" akauliza. Akamgeukia baba. "Mbwa ni kama kuruta. Kwanza unavunja, halafu unajenga."

Baba aliitika kwa kichwa. "Ni kweli, afande. Mbwa ya kukula mkononi ni mbwa ya mwizi."

Siku hiyo Sombe alibatizwa Komando. Likatengenezwa sanduku la mbao, refu kidogo kuliko yeye, lenye tundu moja la hewa, likawekwa nyuma ya ghala. Mchana kutwa aliishi humo gizani, ili, alivyosema Afande, asizoee sura za watu. Chakula chake kilichanganywa na kamulali, ili moyo uwake. Mara moja kwa juma Afande alileta majivu ya kiota cha nyigu waliochomwa, yakatiwa kwenye ugali, ili mbwa apate hasira ya nyigu. Alipojisaidia sandukuni, ambako hakuwa na pengine pa kujisaidia, alishikwa shingo akasuguliwa pua kwenye uchafu wake. Mimi na Baluku, mdogo wangu wa miaka minne, tulikatazwa kumwita, kumgusa na kumtazama.

Na mimi nilitwanga. Nilitwanga vizuri. Niliona akila kwa sababu ya njaa, akirudi nyuma, akipiga chafya, akisugua mdomo ardhini, kisha akirudi tena kula kwa sababu hakikuwepo chakula kingine. Machozi yalimtoka, nami nikafikiri ndivyo ushujaa unavyoingia mwilini, kwamba unauma kwanza kama dawa. Juma la kwanza alilia sandukuni mchana wote. Juma la tatu akanyamaza. Nikamkimbilia baba kumwambia kwa furaha kwamba Komando amejifunza.

Amejifunza! Hata sasa nikiandika neno hilo nasimama kwanza nizunguke chumba. Kiumbe alikuwa ameacha kuomba msaada, na watu wazima watatu, pamoja na mtoto mmoja mwenye akili za darasani, tukaona ni kufaulu.

Miezi ikapita. Alikua. Alipofunguliwa jioni alikuwa akizunguka uani mkia umebanwa tumboni, akibwekea majani, akibwekea mbuzi, akiikimbia kandambili ya baba. Wezi wa vanila walikuja hata hivyo. Walipita upande wa juu, wakavuna nusu ya mistari, na Komando akajificha chini ya ghala. Afande alisema pilipili zimekuwa chache.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Baluku. Mtoto alikuwa na kipande cha kiazi kitamu, akataka kugawana. Aliingiza mkono kwenye tundu la sanduku. Mbwa anayekaa gizani, ambaye kila mkono aliouona tangu afungiwe humo ulikuja na maumivu, aliuma mkono huo. Sikio langu bado lina ule mlio wa ndugu yangu. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akamvuta, akamwosha jeraha kwa maji na sabuni, na baba akampakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali mjini Kasese.

Afande alifika na panga kabla hata bodaboda haijafika barabarani. Mama alisimama mbele ya sanduku. Sikujua wakati ule kama alikuwa akimtetea mbwa au alikuwa amechoka tu na ushauri wa mtu yule. Alimwambia angojee mwenye mji arudi. Na baba aliporudi, alirudi na maneno ya muuguzi. Baluku angechomwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa. Mbwa asiuawe. Afungwe kwa kamba, alishwe, apewe maji na kuangaliwa siku kumi, ijulikane kama ana kichaa. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe.

Mama alimpigia simu shangazi. Kesho yake shangazi alifunga meza yake na kuja na kifurushi cha samaki. Hakumsalimu baba kwanza. Alizunguka ghala, akalitazama sanduku, akanusa sahani. Kisha akaja kuketi jikoni na kulia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikamwambia kwamba pilipili ni mimi niliyetwanga. Sijui nilitaka anisifu au anisamehe. Alinivuta akanikalisha karibu naye.

"Hii imbwa haiko mubaya," akasema. "Iko na woga. Tutaanza nyuma."

Siku ile alilivunja sanduku kwa shoka, akamfunga mbwa kwa kamba ndefu chini ya mparachichi, mahali penye kivuli, na beseni la maji safi. Sikuruhusiwa kumkaribia. Tuliketi mbali, tumempa mgongo. Shangazi alisema mbwa mwenye hofu ukimkodolea macho anasikia unamtukana. Alikuwa akigonga kifuniko kwa kijiko, taratibu, kisha anatupa kipande cha samaki nyuma yake bila kugeuka. Hakuna kilichotokea. Tukakaa. Akagonga tena. Nilichoka, nikasema hatakula. Akasema hata yeye hangekula kwetu.

Siku ya pili vipande vilikuwa vimeliwa tulipokuwa tumeingia ndani. Siku ya nne alikula tukiwa tumeketi, nikasikia ulimi wake nyuma yangu, na shangazi akanishika goti nisigeuke. Siku ya tano alinusa kisigino changu. Kila siku tulipunguza umbali kwa hatua moja, na siku aliyonguruma tuliurudisha. Mafunzo yalikuwa mafupi kama kunywa kikombe cha chai, asubuhi na jioni, na yalimalizika kila mara kwa jambo alilolipatia. Alipojisaidia kwenye majani shangazi alimsifu kama mjukuu aliyefaulu mtihani. Alipojisaidia karibu na mlango alipafuta, basi.

Afande alikuja kutazama, mikono nyuma ya mgongo.

"Mama Samaki, unamfundisha mbwa kusali?"

"Namufundisha kungojea, afande," shangazi akamjibu bila kugeuka. "Weye hata kungojea chai ipoe inakushinda."

Mama alicheka jikoni. Baba naye, nilimwona, aliuma mdomo.

Siku ya saba shangazi aliniambia nimwite. Nikauliza nimwite jina gani. Akasema jina analolijua. Nikachuchumaa kiubavu, nikasema Sombe, kwa sauti ya chini. Masikio yalisimama. Alikuja akitambaa, tumbo likigusa ardhi, akachukua samaki kwenye kiganja changu kwa ncha za meno kana kwamba nimeshika yai. Nililia machozi ambayo hayakutokana na kamulali. Siku ya tisa alikuwa akija wima. Nikiinua mkono anaketi na kungoja. Akachomoza ulimi nje, kama kijibwa kile cha Bwera.

Siku ya kumi ilipita, mbwa mzima, Baluku mzima, mkono unapona. Shangazi alirudi Bwera kuuza samaki, akaniachia kifurushi kilichobaki na akamwambia baba ampeleke achanjwe. Baba akasema sawa, dada yangu.

Siku mbili baadaye pikapu ilipanda hadi uani. Mwenye gari alikuwa mnunuzi wa vanila aliyekuwa na ghala Ibanda, mtu tuliyemfahamu. Alisimama na baba wakizungumza kwa sauti ya chini, wakimtazama Sombe. Nyuma ya gari kulikuwa na kizimba cha nyavu. Nikafurahi. Nilijua ni gari la kumpeleka kwenye chanjo, kwani muuguzi alisema, shangazi alisema, na baba alisema sawa.

Baba akaja akaniwekea mkono begani. "Biira, nasikia umemfundisha. Muite Sombe wako, apande."

Alimwita Sombe. Kwa mara ya kwanza tangu Bwera alitamka jina lake, nami nilihisi nimeshinda. Nikapanda nyuma ya pikapu, nikaingia kizimbani, nikachuchumaa kiubavu nikamwita. Sombe alitazama gari, akanitazama, akaruka. Nikainua mkono, akaketi. Yule mnunuzi alipiga mluzi wa kustaajabu. Nilimpa samaki nikatoka, mlango ukafungwa, na Sombe akabaki ameketi vizuri akinitazama, anangoja kinachofuata. Nilimuuliza baba kama watarudi kabla ya jua kuzama. Akasema, "Shuka." Gari likaondoka. Mbwa hakubweka.

Nilikaa kando ya njia hadi jioni. Hakuna aliyenidanganya kwa neno hata moja, angalieni jinsi watu wazima wanavyojua kuiacha mikono yao safi. Waliniacha tu niamini. Mama ndiye aliyekuja kuniambia ameuzwa, akisema kwamba ni afadhali kuliko panga la Afande, na labda alikuwa sahihi. Sikutaka usahihi wake.

Shangazi alipata habari akaja siku isiyo ya soko. Kwanza alipitia Ibanda. Alimkuta Sombe ndani ya ghala lisilo na dirisha, amefungwa kwa mnyororo mfupi, na sahani mbele yake yenye wekundu alioutambua. Afande alikuwa ameajiriwa kuikamilisha kazi. Shangazi alitaka kumnunua. Mwenye mbwa alimcheka, akamwambia kwa bei ile hapati mbwa anayeketi kwa kuinuliwa mkono.

Haya yote aliyasema amesimama uani kwetu, bado na vumbi la njia, na baba akajitetea. Mbwa aliuma mtoto. Mbwa wa namna hiyo hakai na watoto. Sindano, nauli, vanila iliyoibwa. Yeye hakumuua, wangapi wangemuua? Alizungumza sana. Shangazi alimwacha amalize.

"Baba Masika," akamwambia, akimwita kwa jina la dada yangu mkubwa, kwa heshima kamili, na sauti yake haikupanda. "Hukuuza imbwa. Uliuza sauti ya mutoto wako."

Shangazi hakunywa hata maji. Nilimsindikiza hadi barabarani, hakunishika mkono, na sikujua kama ananikasirikia mimi pia. Nilikuwa na haki ya kujua na sikuuliza. Alifariki nikiwa sekondari, nami sikuwahi kuuliza.

Juma lililofuata baba alikwenda mjini, akarudi na mkate, kitu tulichokila Krismasi. Nilikuwa migombani nyuma ya nyumba. Nilimsikia akiniita. Kwetu mtoto akiitwa huitika na kwenda mbio, hamna mara ya pili, na mimi nilikuwa mtoto mwepesi kuliko wote. Aliita tena, kwa ukali. Miguu yangu ilitaka kwenda, niliihisi ikitaka, nikaishika kwa mikono miwili. Mara ya tatu alilainisha sauti, akalivuta jina langu taratibu, akasema njoo mwanangu, nimekuletea kitu kizuri.

Nilimwona kupitia majani, amesimama katikati ya uani, mkate ameuinua juu kidogo ili niuone. Baluku alikwenda mbio, na bandeji yake. Mimi nilikaa palepale.